Tafuta Pa Kuvulia Kinyago

Mchezaji wa mapiko halali na kinyago chake. Wamakonde wa Mtwara, na ndugu zao walio ng'ambo ya Mto Ruvuma nchini Msumbiji, hukichonga kinyago hicho kwa mti mwepesi kikaweza kufunika kichwa kizima, mwili nao hufungwa nguo, na mchezaji anapoingia uwanjani kwenye sherehe za jando watazamaji hawatakiwi kumjua. Zamani wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni waliambiwa kwamba aliyekuja kucheza ni mzimu. Ngoma ikiisha, mtu yule huenda faragha, hukivua, hujifuta jasho, akarudi kwa watu akiwa mjomba wa fulani na mume wa fulani.

Uzingatie utaratibu huo, maana ndio msingi wa yote nitakayokueleza. Kinyago kina siku yake, kina uwanja wake, na kina mahali pa kukivulia. Wewe unayesema "mambo safi" huku umebakiza nauli tu mfukoni, au unayechekesha ofisi nzima kisha ukifika nyumbani unakaa gizani bila kuwasha taa, kosa lako si kuvaa kinyago. Sote tunavaa. Lililokupata ni kwamba huna pa kukivulia, na umelala nacho muda mrefu.

Wapo washauri wanaohimiza mtu awe wazi kila mahali na kwa kila mtu. Usiwafuate. Nesi aliyefiwa na dada yake juzi hawezi kulia mbele ya mama anayejifungua. Mwalimu hawezi kumwaga hasira za ndoa yake kwa watoto wa darasa la pili. Tumelelewa tukiambiwa uso umeumbwa na haya, na malezi hayo yana thamani. Kujizuia mbele za watu ni kuwaheshimu. Tena kuna nyumba ambamo kinyago ni kinga ya uhai: mke anayeishi na mume anayempiga, au mfanyakazi wa ndani ambaye tajiri wake ameishikilia pasipoti yake. Ukiwa mmoja wao, tulia usoni, tafuta msaada kimyakimya, na usimfungukie anayekuumiza.

Kijue kwanza unachokivaa

Tenga jioni moja ujiulize maswali haya bila kujitetea. Ni nani akipiga simu, sauti yangu hubadilika kabla sijapokea? Ni swali gani huwa nalikwepa kwa mzaha? Ni mtu gani nikikaa naye saa moja huondoka nimechoka kuliko nilivyokuja, ingawa tulikuwa tunacheka? Majibu yatakuonyesha kinyago chako na mtu unayemvalia.

Wengine huvaa cha ucheshi, wengine cha ucha Mungu, wengine cha ukali. Kwa ninavyoona, kinachowatesa watu wengi kuliko vyote katika jamii yetu ni kinyago cha aliyefanikiwa. Fikiria binti aliyetoka Tanga au Mombasa akaenda Muscat kufanya kazi za ndani. Anapiga simu siku ya mapumziko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Unakula vizuri huko?"

"Sijambo mama. Nakula, msiwe na wasiwasi."

Hajalala vya kutosha wiki nzima, na hana mtu wa kuongea naye katika nyumba ile. Lakini amesema hajambo, na mama amelala usingizi. Kijana aliyeko London au Minneapolis anayepiga picha kando ya gari lisilo lake anafanya jambo lilelile, na kifungua mimba aliyeko Dar es Salaam anayesomesha wadogo zake wanne kwa mkopo naye yumo humohumo. Wote wanafanya kwa upendo. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu watu hawa huitwa waongo pindi mambo yao yanapofichuka, na hawastahili jina hilo.

Tatizo la kinyago hiki ni kwamba kina gharama ya fedha taslimu. Ukisema mambo ni mazuri, nyumbani hupanga maisha kulingana na uzuri huo: ada ya mtoto wa mjomba, bati za nyumba, mchango wa harusi, matibabu ya bibi. Kila ombi ni halali kwa kadiri ya ulivyojieleza. Nawe huwezi kukataa, kwa kuwa kukataa kutafichua kwamba maneno ya mwaka jana hayakuwa kweli. Unakopa ili kinyago kisidondoke. Kadiri unavyotuma ndivyo wanavyoamini, na kadiri wanavyoamini ndivyo unavyoshindwa kusema.

Kujikaza kunavyoingia mwilini

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walichapisha utafiti ambao kila mtu aliyefundishwa kujikaza angefaa kuufahamu. Waliwaonyesha watu filamu za huzuni na za kuchekesha, na baadhi yao wakaambiwa wafiche hisia zao kiasi kwamba mtu akiwatazama asijue wanaona nini. Wakaweza, nyuso zilitulia. Lakini vipimo vilionyesha moyo na mishipa ya damu ikifanya kazi zaidi kuliko ya wale walioachwa wajionyeshe walivyo. Na walioficha huzuni hawakuipunguza hata kidogo, lakini walioficha kicheko walijikuta wamefurahi kidogo kuliko wenzao. Soma tena hapo. Uso mkavu hauondoi uchungu, ila furaha huila.

Mwaka 2003 mtafiti Emily Butler na wenzake wakaenda mbele zaidi. Waliwaketisha wanawake wasiofahamiana wawiliwawili, wakazungumzia filamu ya kuhuzunisha waliyoitazama, na katika baadhi ya jozi mmoja akaagizwa kwa siri azuie hisia zake. Shinikizo la damu la yule mwingine, asiyejua lolote, lilipanda kuliko la wale waliozungumza na mtu wa kawaida. Kwa hiyo usijidanganye kwamba unajikaza ili mke wako au watoto wako wasiumie. Miili yao inalipia pamoja na wako.

Kama riziki yako inategemea tabasamu, kwa mfano unahudumia wageni hotelini Nungwi, au unakaa dirishani benki, au unapokea simu za wateja wenye hasira, ujue kwamba mwanasosholojia Arlie Hochschild aliwaandikia kitabu watu wa aina yako mwaka 1983. Aliwachunguza wahudumu wa ndege wa Marekani, akaonyesha kwamba mtu anayelipwa ili atabasamu anaweza kufika mahali asijue tena tabasamu lipi ni lake. Ushauri wangu kwako ni mfupi: uwe na mpaka unaoonekana. Vua sare kabla ya kupanda daladala, oga ukifika, na usijilazimishe kuchangamka nyumbani katika saa ya kwanza. Waambie watu wa nyumbani kwamba ukimya huo si hasira.

Anza ukiwa peke yako

Mtu aliyejikaza muda mrefu mara nyingi hajui tena kinachomuuma. Ukimuuliza atasema amechoka tu, au kichwa kinamgonga. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni ya faragha kabisa.

Tafuta daftari. Andika dakika 15 bila kusimama, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lilelile linalokulemea: lilivyotokea na ulivyojisikia. Utaratibu huu ulijaribiwa na James Pennebaker na Sandra Beall mwaka 1986 kwa wanafunzi wa chuo. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Usitishike basi ukimaliza siku ya kwanza macho yamevimba. Andika kwa lugha unayoitumia ukikasirika, iwe Kidigo, Kichaga, Kihaya au Kiswahili cha mtaani. Usihangaike na tahajia. Kama mnalala wengi chumba kimoja na daftari halina usalama, lichane au lichome moto ukishamaliza. Faida iko katika kuandika. Asiyependa kalamu ajirekodi kwenye simu, asikilize mara moja, afute.

Unapoandika, lipe jambo jina lake. "Nina stresi" haikusaidii. Je, ni kihoro cha kufiwa ambacho hukupewa nafasi ya kukitoa? Ni fedheha? Ni kinyongo kwa ndugu aliyeuza shamba la baba? Ni upweke? Ni kijicho kwa rafiki aliyepata kazi? Hata hisia usiyoipenda iandike kama ilivyo. Kila moja ina dawa yake: fedheha huhitaji mtu atakayekusikia bila kukushusha, kinyongo huhitaji kikao, na upweke huhitaji wageni.

Kwa mwenye imani, sala ya peke yake usiku ni mahali pengine pa kuvulia. Usiende hapo na maneno mazuri tu. Zaburi nyingi ni vilio vya mtu aliyeelemewa, na hakuna aliyeziondoa kwenye Maandiko kwa kukosa adabu.

Kumchagua msiri

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nenda taratibu.

Wazee wetu waliacha milango ya kutolea la moyoni. Mwari wa pwani alikuwa na somo wake, mtu ambaye angeweza kumwambia mambo ya chumbani asiyoweza kumwambia mama yake. Mjukuu alikuwa na bibi, ambaye kwa utani humwita mume au mke mwenza, na katika mzaha huo mengi mazito yalipenyezwa. Kulikuwa na mtani. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani huja msibani, akaigiza mwendo na sauti ya marehemu, akazuia jeneza mpaka apewe chochote, na mfiwa aliyekuwa amekauka tangu asubuhi anacheka, kisha kicheko kinageuka kilio. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Ilikuwa njia ya kumfungua mtu mbele ya jamaa zake bila kumvunjia heshima. Ikiwa bado una mtani, bibi au somo, umebarikiwa. Mtafute huyo kabla ya mwingine yeyote.

Mlango mmoja sikushauri uutegemee, nao ni mafumbo. Mwanamke wa pwani anaweza kuvaa kanga yenye maneno yake akapita mbele ya aliyemkera, na leo wanawake kwa wanaume tunaweka maneno hayo kwenye status ya WhatsApp. Kanga ni sanaa na naipenda. Lakini fumbo hukuachia nafasi ya kukana, na yule uliyemlenga naye ana nafasi ya kujifanya hakuona. Watu mia mbili wameona status yako na hakuna hata mmoja aliyekuuliza kulikoni. Hujafunguka, umepiga kelele ukiwa ndani ya kinyago.

Kumpima msiri, sikiliza anavyokusimulia habari za wengine. Anayekuletea siri za shemeji yake leo, kesho atampelekea shemeji siri zako. Kisha mpe jambo dogo, ambalo likivuja halitakuharibia, ungoje uone kama litakurudia kwa mdomo mwingine. Usimchague mtu anayekulipa mshahara au anayekudai. Ukiwa kwenye ndoa, matatizo ya ndoa usimpelekee mtu unayejua moyoni kwamba anakuvutia. Na kundi la WhatsApp la ukoo si msiri wa mtu, hata kama wote waliomo wanakupenda.

Msiri si lazima awe msomi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye mawazo mengi. Matokeo ya utafiti juu ya kazi hiyo, uliohusisha watu 573, yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache mno za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Alichohitaji bibi ni mafunzo mafupi, benchi, na muda.

Namna ya kusema

Salamu zetu ni mlango mzuri kama utautumia. Jibu la kwanza ni la adabu, na hakuna ubaya kusema nzuri au salama. Wengi wetu huishia hapo. Wewe ongeza: "Nzuri, ila kuna jambo linanisumbua." Kisha uweke masharti mapema. Jambo hili ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu kwetu mtu akianza kueleza shida, msikilizaji huingiwa na hofu kwamba anapigwa mzinga, na badala ya kukusikiliza anaanza kutafuta namna ya kusema hana hela. Mtoe hofu hiyo: "Kaka, sikuombi fedha, wala leo sihitaji ushauri. Nataka unisikilize nusu saa." Utaona mabega yake yakishuka.

Eleza tukio, eleza linavyokufanya ujisikie, kisha nyamaza. Usianze kujicheka wala kusema "lakini si kitu." Ni kitu, ndiyo maana umekuja.

Wanaume wengi huongea vizuri zaidi macho yakiwa kwenye kazi: mnaosha pikipiki, mnapalilia, mko safarini usiku na gari linakwenda. Tumia nafasi hizo. Kwa mzee ambaye huwezi kumkabili, mpitie mtu wa kati, mjomba au shangazi, kama desturi inavyotaka. Kwa mume au mke, usichague saa ya ugomvi wala saa ya usingizi.

Yule binti wa Muscat na wenzake wasimwage yote kwa mara moja. Mama aliyeko mbali asiyeweza kufanya lolote ataugua. Anza na ukweli mmoja unaobebeka: "Mama, kazi ya huku ni ngumu kuliko nilivyokuambia. Mwezi huu nitatuma nusu." Usitoe sababu ya uongo ya nusu hiyo. Mwezi unaofuata ongeza mwingine. Na yale mazito kabisa mwambie dada au rafiki anayejua maisha ya huko, kwa kuwa yeye hahitaji kufafanuliwa.

Naona niseme neno kwa wanaume. Tumeambiwa mwanamume halii. Waislamu tunafahamu kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na Wakristo wanafahamu kwamba Yesu alilia Lazaro alipokufa. Aliyetufundisha kwamba chozi linamvua mtu uanaume hakulitoa fundisho hilo huko. Madhara yake yanaonekana: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Hata sheria ilichangia kuficha. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Kwa hiyo, kama kwa wiki mbili hulali, huli, hupati raha ya jambo lolote, au mawazo ya kufa yanakujia, msiri peke yake hatoshi. Nenda hospitali, na mawazo ya kufa yakikuzidi nenda leo hii, tena na mtu unayemwamini. Majina ya hospitali za wagonjwa wa akili za Mirembe, Mathari na Kidongo Chekundu yamegeuzwa matusi mitaani, lakini humo wamo wauguzi na madaktari waliosomea maumivu haya, na hospitali kubwa za mikoa nazo huwapokea wagonjwa wa aina hii. Mficha maradhi kilio humfichua.

Ukiwa wewe ndiye unayefungukiwa

Siku itafika mtu atakivua kinyago chake mbele yako. Weka simu chini, kifudifudi. Usimkatize kwa "ndiyo maisha," wala "kuna wenye shida kuliko wewe," wala kisa chako kinachofanana na chake. Akilia, usimharakishe anyamaze. Mpe kitambaa na maji. Muulize, "Ungependa nifanye nini?" Akisema hakuna, mwamini. Baada ya siku mbili mjulie hali, kwa maana aliyefunguka huamka kesho yake na aibu, akidhani umembadilikia. Na aliyokuambia usimsimulie mtu, hata mke au mume wako, bila ruhusa yake. Isipokuwa amekuambia anataka kujidhuru, hapo usimwache peke yake, na uwaite watu wa kukusaidia.